Mvinyo wa Kuazima

Washikaji, mbona kila tajiri wa hadithi zetu anakunywa mvinyo wa Ufaransa? Mimi mnywaji wa sikukuu tu, lakini nimeonja. Wa Ufaransa unakausha ulimi kama ndizi mbichi. Wa Chile mzito kama deni. Wa Afrika Kusini unaanza kwa upole, asubuhi unadai kichwa.

Sasa panda basi hapa Singida, shuka Dodoma. Kule zabibu huvunwa mara 2 kwa mwaka. Mfaransa huvuna mara 1. Mtamu wake unabembeleza, mkavu unakemea. Halafu msimu mwingine mkulima anakosa soko, zabibu zinamwozea, nasi tunalewa majina tusiyoweza hata kuyatamka!

Mwenye hadithi ya kibuyu cha pombe ya mtama ailete. Za shampeni tumeshiba.