Diski za Nini?

Mnaujua ule mchezo wa kupanga vipande vya mbao na kuvichomoa kimoja kimoja mpaka mnara uporomoke? Unaitwa Jenga, na neno hilo ni letu! Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika, aliuzindua London mwaka wa 1983. Leo hata Wamarekani wasiojua Kiswahili hulitamka.

Sisi je? Ziko shule ambazo mwanafunzi akiongea Kiswahili siku ya Kiingereza huvishwa diski, kisha anaadhibiwa. Jamani! Lugha hukopana. Neno "shule" lenyewe tulilitoa kwa Wajerumani, na "meza" kwa Wareno; nani aliadhibiwa? Kiingereza tujifunze, sikatai, lakini diski zitupwe. Mwacha asili ni mtumwa. Kiswahili kitukuzwe!