Kiinitete kimoja kinatosha

Hapa Bukavu kuna watu na bibi zao wanaouza parsele ili waende Kampala kutafuta mtoto. Wakifika, wengine humuomba muganga aweke viinitete viwili ao vitatu mara moja, kwa kuwa pesa imekwisha kutoka. Ninawaelewa, lakini sikubaliani nao.

Kiinitete ni yai la mama lililounganishwa na mbegu ya baba nje ya tumbo. Hulelewa katika maabara siku 3 ao 5, kisha huingizwa katika kizazi kwa mrija mwembamba. Louise Brown, mtoto wa kwanza wa njia hiyo, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1978, alitokana na kiinitete kimoja tu.

Kuweka viwili huongeza mapacha, na mapacha wengi huzaliwa mbele ya wakati. Kwetu umeme unakatika kila mara: nani atawapasha joto watoto wa miezi saba?

Afadhali kuwekewa kimoja, vingine vigandishwe. Cha kwanza kisiposhika, mama atarudi kuwekewa cha pili bila kutolewa mayai upya.

Ndugu zangu, mbele ya kuuza parsele, ulizeni kwanza: vitakavyobaki vitahifadhiwa kwa bei gani?