Kabla ya Dawa, Banda

Mfugaji wa kuku wa mayai afunguapo mlango wa banda lake alfajiri, mara nyingi kinachompokea kwanza ni harufu kali inayochoma macho. Kuku kadhaa wanakoroma, wengine wanapiga chafya, na idadi ya mayai imeshuka tangu juma lililopita. Kabla ya saa nne mfugaji huyo yumo katika duka la dawa za mifugo, naye anarudi na pakiti ya unga wa kiuavijasumu wa kuchanganya na maji ya kunywa. Kuku wanapata nafuu kwa siku chache, kisha wanaanza kukoroma tena. Hapo hununuliwa pakiti nyingine, ya dawa ya jina jingine.

Mambo haya yamekuwa ya kawaida mno katika ufugaji wa biashara, viungani mwa Dar es Salaam na vya Nairobi pia, hata wafugaji wengi huyahesabu kuwa gharama za kazi. Kwa hakika fedha nyingi inayolipwa dukani ni faini ya makosa yaliyofanywa siku fundi aliposimamisha ukuta.

Yafaa kuanza na hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanya. Kuku mmoja wa mayai hula takriban gramu 120 za chakula kwa siku, na hunywa maji yapatayo mara mbili ya uzito huo. Wakati wa joto hunywa zaidi. Basi kuku 1,000 hunywa si chini ya lita 200 kwa siku, yaani ndoo kumi za lita 20. Maji hayo huenda wapi? Ikiwa kuku hao hutaga mayai 800, na kila yai limebeba kiasi cha gramu 40 za maji, mayai yote huondoa lita 32 tu. Lita zaidi ya 160 zilizobaki hutoka kwa kinyesi na kwa pumzi, nazo hukaa bandani mpaka zichukuliwe na hewa. Mtu aliyejenga kuta ndefu zenye vidirisha viwili vidogo ni kama aliyeamua, bila kujua, kuwamwagia kuku wake ndoo nane za maji kila siku na kuwalaza humo humo.

Joto nalo lina hesabu yake. Kuku hana tezi za jasho. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi za Selsiasi, na hali inapokuwa ya joto kali hujipoza kwa kuhema mdomo wazi, ili maji yageuke mvuke katika njia zake za pumzi. Lakini hewa iliyokwisha kujaa mvuke haipokei mwingine. Ndiyo sababu katika mwambao, miezi ya joto na unyevu, kuku wanene huweza kufa katika banda lisilo na upepo hali hawana ugonjwa wowote.

Jambo zito zaidi ni ile harufu. Sehemu nyeupe ya kinyesi cha kuku ni asidi ya yuriki. Matandazo ya maranda au ya maganda ya mpunga yakilowa, bakteria huivunja asidi hiyo na kutoa gesi ya amonia. Gesi hiyo huharibu vinyweleo vidogo sana vilivyomo katika koo la hewa, ambavyo kazi yake ni kufagia vumbi na vijidudu visifike kwenye mapafu. Vinyweleo vikishaharibika, bakteria wa kawaida waishio katika kinyesi hupata njia. Unyevu huohuo ndio unaokomaza mayai ya koksidia, vimelea viletavyo kuhara damu. Katika matandazo yenye joto na unyevu siku moja au mbili hutosha mayai hayo kuwa tayari kuambukiza. Dawa huwapunguza wadudu wa leo, na banda linawaandaa wa kesho.

Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2007 kuhusu kuku wa nyama, uliweka kikomo cha amonia kuwa sehemu 20 katika milioni kwa mabanda yanayoweka kuku wengi zaidi katika kila mita ya mraba, na ukaagiza kipimo kichukuliwe mahali kichwa cha kuku kilipo. Neno hilo la mwisho lina maana kubwa. Mwenye banda huvuta hewa akiwa amesimama, ilhali kuku huvuta ile iliyo karibu na sakafu. Tena pua ya mtu ashindaye bandani huzoea, hata asisikie tena kinachomtoa mgeni machozi.

Wapo watakaosema kwamba madirisha mapana ni mwaliko kwa wezi, vicheche na baridi. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Mfugaji aliyepoteza kuku mia kwa usiku mmoja hawezi kulaumiwa akijenga ngome. Lakini wavu madhubuti wa chuma uliopigiliwa kwenye nguzo humzuia kicheche kama ukuta, na huacha hewa ipite. Katika nyanda za juu, pazia la turubai lipandalo kutoka chini huwakinga kuku na upepo, likaacha mwanya juu pa kutokea mvuke. Ukuta wa tofali wa mita moja hivi, wavu juu yake, upana usiozidi mita 10, na urefu wa banda ulale mashariki kwa magharibi ili jua lisiingie ubavuni: ujenzi wa namna hii hutumia tofali chache kuliko ngome.

Si kusema kwamba banda jema linatosha. Kideri huua katika banda safi na katika banda chafu, na kwa kuwa kinaletwa na virusi, hakuna kiuavijasumu kinachokiponya. Dhidi yake kinga ni chanjo, kama ile ya I-2 iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia na ambayo hutengenezwa pia Tanzania. Huvumilia joto kuliko chanjo nyingi, hutiwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Inasikitisha kwamba mfugaji huyohuyo anayenunua unga kila mwezi mara nyingine husahau tone hilo.

Hasara ya unga huo haiishii bandani. Bakteria wanaozoeshwa dawa kidogo kidogo hujenga usugu, na usugu huo waweza kuhamia kwa bakteria wanaowaugua binadamu. Mayai yanayotagwa wakati wa tiba hubeba mabaki ya dawa. Kwa hiyo maandishi ya pakiti hutaja siku za kungoja kabla ya kuyauza, siku ambazo mwenye deni huona ugumu kuzihesabu. Sweden ilipiga marufuku viuavijasumu vya kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukafuata kikamilifu mwaka 2006. Ufugaji wa kuku haukufa huko.

Shule zenye miradi ya kuku zina nafasi ambayo mfugaji wa pekee hana. Mara nyingi mwanafunzi hukaririshwa magonjwa na dawa zake, lakini haambiwi achuchumae bandani na kuvuta pumzi. Karatasi ya kupimia asidi na alkali, ikiloweshwa maji yaliyokenekwa na kushikwa karibu na sakafu, hubadilika rangi amonia ikiwapo. Vifaa hivyo vimo katika maabara nyingi za kemia. Konzi ya matandazo ikifinywa, ikabaki donge mkono ukifunguliwa, maji yamezidi. Majibu yaandikwe kila juma kando ya hesabu ya mayai, na mwalimu wa mradi asitie sahihi ombi la dawa kabla ya kuyasoma. Bodi ya shule nayo iuone mchoro wa banda kabla ya kuidhinisha fedha ya vifaranga. Vifaranga huagizwa mapema, na muda wa kuvingoja unatosha fundi kubomoa nusu ya ukuta na kupigilia wavu.