Kuficha Data Hakumzuii Mwizi

Kando ya ziwa letu la Victoria, msimamizi wa tasnifu humrithisha mwanafunzi wake imani moja: usitoe data yako, utaibiwa. Mzungu ataichukua, ataichapisha kwa jina lake, nawe utabaki mikono mitupu. Imani hiyo ni potofu, na imewadhulumu watafiti wetu kuliko mgeni yeyote.

Hofu yenyewe ina chanzo, sikatai. Kwa miaka mingi sampuli za damu na madodoso vimetoka Nyanza na kuvuka bahari, na aliyepanda bodaboda kijiji kwa kijiji kuvikusanya akaambulia mstari mmoja wa shukrani mwishoni mwa makala. Lakini tazama kinga tuliyojichagulia. Ingia saiba yoyote hapa Mamboleo, Kisumu, kando ya barabara ya Kakamega, msimu wa kuwasilisha tasnifu. Mwanafunzi wa uzamili anachomeka flashi yenye data yake yote kwenye kompyuta iliyojaa virusi. Nakala ya pili iko kwenye laptopu atakayoipakata ndani ya matatu jioni. Hatari iliyo karibu naye si profesa wa London. Ni flashi kuungua na laptopu kuporwa stendi.

Na data isipopotea, hufa kwa njia nyingine. Chukua faili ya vipimo vya mbuta, ya aina inayotengenezwa kila mwaka ufuoni Dunga. Safu ya kwanza ina tarehe, ya pili imeandikwa "urefu", ya tatu ina namba 1 hadi 4 bila maelezo yoyote. Urefu wa kutoka wapi hadi wapi? Ukipima kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia unapata jibu moja. Ukiishia pale mkia unapoanzia, unapata jingine, pungufu kwa sentimita kadhaa. Kanuni za ziwa hili haziruhusu mbuta wa chini ya sentimita 50, kwa hiyo sentimita hizo ndizo zinazomtenga samaki halali na mchanga ambaye angeachwa akue. Aliyepima alijua alichopima. Akahitimu, akapata kazi Nairobi, faili ikabaki bubu. Ukurasa mmoja wa maelezo ungeiokoa, ila hakuna anayeandika ukurasa huo kwa faili anayonuia kuificha.

Linganisha na data iliyochapishwa. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alilizunguka ziwa akichunguza uvuvi wa ngege. Matokeo yake yalichapishwa 1929, pamoja na ushauri kwamba macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Hadi leo huwezi kuandika habari za kuadimika kwa ngege bila kumtaja. Kina cha maji nacho kimekuwa kikiandikwa upande wa Uganda tangu 1896, ndiyo maana ziwa lilipomeza nyumba na mashamba mwaka 2020 tuliweza kusema kwa uhakika kwamba halikuwa limefika pale tangu 1964. Namba zilizowekwa hadharani zimedumu. Zetu za juzi ziko kwenye droo, nasi tunaendelea kumnukuu Graham.

Kinachomlinda mtafiti ni rekodi ya wazi yenye tarehe. Weka data yako kwenye hifadhi kama Zenodo, isiyotoza hata senti, na utapewa namba ya kudumu, DOI, iliyofungamana na jina lako na siku uliyoiweka. Ukitaka, ifunge kwa muda hadi umalize makala yako. Atakayeitumia bila kukutaja, ushahidi unao. Aliyeificha ana nini cha kuonyesha? Na wapimaji wa ufuoni, ambao makala huwasahau, wanaweza kuorodheshwa hapo kama waandishi wa data hiyo.

Wengine hujificha nyuma ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Sheria hiyo inalinda habari za watu, na uzito wa omena si siri ya mtu. Data za wagonjwa ni jambo zito zaidi, lakini Kilifi wamekwisha kuonyesha njia: mpango wa utafiti wa afya wa KEMRI na Wellcome hutangaza data zake, na anayezihitaji hupeleka ombi kwa kamati. Na huku kwetu Nyanza, mwishoni mwa miaka ya 1990, akina mama wa Asembo na Gem waliwatoa watoto wao wachomwe vidole ili ijulikane kama vyandarua vyenye dawa vinaokoa maisha. Hawakutoa damu ile ili mtu mmoja apandishwe cheo.

Vyuo vyetu havimruhusu mtu kuhitimu bila kukabidhi nakala ya tasnifu. Viongeze sharti moja: data yenyewe, na ukurasa wake wa maelezo. Na msimamizi anayemnong'onezea mwanafunzi afiche, aulizwe mbele ya idara data yake mwenyewe ya uzamivu iko wapi leo, na ni nani mwingine anayeweza kuisoma.