Kamera Nayo Hula

Ramadhani ikishamalizika na Mfunguo Mosi ukaingia, harusi huanza kufuatana kisiwani Unguja. Pale Mkokotoni, penye diko lielekealo Tumbatu, ndicho kipindi ambacho kijana aliyenunuliwa kamera kwa fedha za upatu wa mama yake huanza kutafutwa. Huulizwa: "Kiasi gani?" Naye, kwa haya, hujibu: "Nipeni mtakachojaaliwa."

Jibu hilo ni la adabu, lakini huiua kazi. Mzee Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, gharama za picha zilionekana kwa macho. Filamu ilinunuliwa, dawa za kusafishia zilinunuliwa, na karatasi pia. Hata baadaye, mkanda wa picha 36 ulipokwisha, kila mtu alijua umekwisha. Kamera ya leo haili filamu, ndiyo maana wengi hudhani picha haina gharama. Kumbe nayo hula, ila hula kimya kimya.

Natufanye hesabu ya mfano; kila mmoja atie tarakimu zake. Tuseme kamera na vifaa vyake vimegharimu shilingi 2,400,000, na vitatumika miaka mitatu kwa kazi 40 kila mwaka. Hizo ni kazi 120. Basi kila kazi haina budi kuweka kando shilingi 20,000, ili siku kamera ikichakaa ipatikane nyingine. Nauli ya gari na ya mashua ya kuvukia Tumbatu, pamoja na chakula, tuseme 10,000. Kuchapisha picha 30 kwa shilingi 1,000 kila moja ni 30,000. Jumla ni 60,000, na mpiga picha mwenyewe bado hajalipwa. Akipewa 70,000, amebakiwa na 10,000 kwa siku moja ya kusimama na siku mbili za kuchagua na kurekebisha picha. Upatu wa mama hautarudi kwa mwendo huo.

Dawa yake ni kuandika bei mapema, katika mafungu matatu yanayoeleweka. Fungu la kwanza liwe la nikaha na picha chache za maarusi. La pili liongeze karamu na picha zilizochapishwa. La tatu lichukue shughuli yote pamoja na albamu. Kila fungu litaje saa za kazi, idadi ya picha na siku ya kukabidhi. Arubuni ipokewe kabla ya siku yenyewe, nayo iandikiwe risiti.

Iko gharama nyingine isiyosahaulika. Katika shughuli za akina mama, familia nyingi hutaka mpiga picha mwanamke. Ujira wake uingizwe katika bei tangu mwanzo. Na ahadi ya kutozionesha picha hizo kwa mtu mwingine isiuzwe katika fungu lolote. Hiyo ni amana, na kila mteja anastahiki kuipata.

Je, jamaa? Shangazi akioza, huwezi kumtoza kama mgeni. Lakini mwandikie bei kamili, kisha chini yake andika ulichompunguzia kuwa ni zawadi. Hivyo atajua amepewa nini, na jirani yake hatakuja kudai bei ile ile.

Nasi tunaoalika wapiga picha tunalo la kujifunza. Mpishi wa pilau hatumwambii apike kwanza ndipo tumfikirie. Kwa nini tumwambie hivyo kijana wa kamera?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mzazi uliyemsaidia mwanao kununua kamera, msaidie pia kununua daftari.