Aliigiza na marais wawili, na wewe hata humjui

Kama umewahi kufanya kazi ya kujaza nyuma kwenye filamu au tangazo, keti hapa nikupe stori. Nasema wale wa kupita na kikapu, wa kupiga makofi, wa kutoroka risasi zikianza kulia. Wale wasiopewa hata neno moja la kusema.

Mimi nimeifanya. Mwaka ule karo ilinishinda nikaacha chuo, kampuni moja ilikuwa inatafuta vijana wa tangazo. Jina la kampuni nalimeza. Nilivishwa shuka, nikapewa mkuki, nikaambiwa nijaribu kuonekana "Mwafrika zaidi". Mimi, mtoto wa Eastlands, ambaye mnyama wa pekee niliyewahi kumlinda ni paka wa jirani! Tulisimama juani tangu asubuhi hadi jioni. Shilingi 1,500 ziliingia kwa M-Pesa wiki tatu baadaye. Tangazo lilipotoka, nilionekana sekunde mbili, na mkuki ulionekana vizuri kuliko mimi. Mabeste walinicheka vibaya sana, nikaapa sirudii.

Halafu nikakutana na Orlando Martins.

Si ana kwa ana. Alifariki mwaka 1985, mimi sijazaliwa. Nilimwona kwenye filamu za kitambo za Waingereza, zile unatazama usiku wa manane bando ikiwa bei rahisi. Kila nikifungua filamu ya Afrika, jamaa ni yuleyule: mrefu, kifua kipana, macho makali, amesimama nyuma ya mzungu. Nikaanza kumfuatilia.

Martins alizaliwa Lagos, Nigeria, mwaka 1899. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa tayari yuko London anasaka riziki, na ukisikia kazi alizopitia utadhani ni msee wa Gikomba. Alibeba mizigo katika soko la samaki la Billingsgate. Akapigana mieleka, jina la ulingoni likiwa Black Butcher Johnson. Akachezea nyoka kwenye sarakasi. Katikati ya hayo yote akawa anasimama nyuma kwenye filamu, tangu zile zisizokuwa na sauti.

Mwaka 1935 ikatoka Sanders of the River. Staa alikuwa Paul Robeson, yule Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito. Kijiji cha "Kiafrika" kilijengwa studioni nje ya London. Martins alipata sehemu ndogo. Na kati ya watu weusi waliokusanywa kujaza nyuma, mmoja akivaa kama chifu, alikuwepo Mkenya aliyekuwa Uingereza kupeleka kilio cha ardhi ya Wakikuyu, na mfuko wake ulikuwa mtupu. Alihitaji pesa za kazi hiyo.

Jina lake? Jomo Kenyatta. Ndiyo, huyo huyo ambaye sanamu yake imeketi pale KICC.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kuwasifu wakoloni. Mzungu mmoja anatuliza makabila, makabila yanamshukuru. Robeson mwenyewe baadaye aliijutia. Lakini fikiria seti ile: staa mmoja, jamaa wa Billingsgate, na rais mtarajiwa, wote wamepakwa na kuvishwa Afrika ambayo imetungwa na mtu mwingine.

Sasa ruka miaka ishirini. Mwaka 1955 inatoka Simba, filamu ya Waingereza kuhusu Mau Mau, Kenya ikiwa katikati ya hali ya hatari. Martins yumo, anaigiza mnyapara. Daktari wa Kikuyu anayeitwa Karanja anaigizwa na Earl Cameron, mtu wa Bermuda. Hadithi ni yetu, damu ni yetu, lakini sura kubwa za watu weusi zimetoka Lagos na Bermuda. Na Kenyatta wakati huo? Yuko Lokitaung, Turkana, anatumikia kifungo kwa madai kwamba yeye ndiye aliyeongoza Mau Mau.

Ruka tena miaka kumi. Mwaka 1965 inatoka Mister Moses, filamu ya Robert Mitchum iliyopigwa hapa Kenya. Martins anaigiza chifu. Kenyatta, aliyewahi kuigiza chifu, sasa ni rais wa nchi inayopigiwa filamu.

Rais wa pili ni huyu. Mwaka 1949, katika The Hasty Heart, Martins alikuwa wodi moja na Ronald Reagan, aliyekuja kuongoza Marekani kuanzia 1981. Ni hadithi ya wanajeshi waliolazwa hospitalini huko Burma vita vikiisha. Martins ni Blossom, askari Mwafrika asiyejua Kiingereza. Karibu hana maneno. Lakini itazame uone: Reagan anaongea na kuongea, na wewe unamtazama Blossom. Kila kitu kiko usoni. Hiyo nayo ni kazi, ndugu yangu.

Najua kuna mtu hapo ameshanikunjia uso. "Alikuwa kibaraka! Alisaidia kutuchora kama washenzi." Sitakataa kwamba sehemu nyingi alizopewa zilikuwa za aibu. Katika Men of Two Worlds ya 1946, iliyosimulia Tanganyika, alikuwa mganga anayezuia maendeleo. Katika Where No Vultures Fly ya 1951, iliyopigwa Kenya, aliitwa M'Kwongwi. Niambie, ni Mkenya gani ushawahi kukutana naye anaitwa M'Kwongwi? Hata hiyo alama ya juu inaitwa nini? Mwandishi hakujisumbua hata kuuliza mtu jina.

Lakini hasira yako ielekeze panapofaa. Martins hakuandika hizo hadithi. Menyu ilikuwa na vyakula vitatu: chifu, mganga, mtumishi. Angeweza kususa, na sehemu ingepewa mwingine asiyejua kuigiza. Yeye alichagua kubaki na kuifanya vizuri kuliko ilivyostahili.

Na tazama alivyomaliza. Mwaka 1970, Kongi's Harvest ya Wole Soyinka ikawekwa kwenye filamu. Mwaka uliofuata, Things Fall Apart ya Chinua Achebe. Martins alikuwa amevuka miaka 70, na yumo katika zote mbili. Safari hii anaitwa Dr Gbenga. Anaitwa Obierika. Majina ya watu, yenye mama na baba. Hadithi za Waafrika zilipofika hatimaye, zilimkuta mzee ameshajifunza kazi kwa zaidi ya miaka 40 akisimama nyuma.

Ndiyo maana nasema tuache kuwacheka wanaojaza nyuma. Ukitaka kucheka, mcheke anayewaita watu saa kumi na moja alfajiri na kuwalipa baada ya mwezi. Mcheke anayeandika hadithi ya Nairobi halafu mtu wa Nairobi anapewa mkuki. Na kama wewe ndiye unayeandika, hata skiti ya dakika moja ya TikTok, mpe mlinzi wa geti jina. Mpe mama mboga sentensi moja ya maana. Haikugharimu kitu.

Juzi nimepigiwa simu tena. Kuna filamu inapigwa huko Naivasha, wanataka watu wa kusimama nyuma. Nimekubali, kodi haingoji. Lakini kabla sijakata simu niliuliza maswali mawili: pesa inaingia lini, na huyo mtu ninayemwigiza anaitwa nani?

La kwanza nilijibiwa. La pili, jamaa alinyamaza kidogo, kisha akasema ataniuliza mimi.