Mtoto Mtukutu wa Lubumbashi Anamshtaki Nani?

Sanza amekosana na wazazi wake na kuhama nyumba. Anaingia kundi la watoto wa mitaani, mkubwa wao akiitwa Ngungi, analala nje na kuvuta gundi. Rafiki yake Molakisi yeye anavuka mpaka kwenda Lunda Norte, Angola, kutafuta almasi. Mji ni Lubumbashi, na Mobutu yumo katika siku zake za mwisho madarakani. Hao ni vijana wa La Danse du Vilain, riwaya ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1981 ambaye siku hizi anaishi Graz, Austria.

Msomaji wa haraka, hasa akiwa mzazi, atasema hapa hakuna fumbo: kijana kapotoka, tena kwa kupenda. Angeuliza kwanza baba zao walikuwa wapi. Vijana wakorofi wa riwaya zetu ni mashahidi, na ushahidi wao unawahusu wakubwa.

Wamarekani wana Holden Caulfield, kijana wa miaka 16 katika The Catcher in the Rye ya J. D. Salinger, iliyotoka 1951. Anafukuzwa shule ya bweni, anazurura New York, anapanga chumba hotelini, na kwake karibu kila mtu mzima ni mnafiki. Huzuni yake ni ya kweli, maana amefiwa na mdogo wake. Lakini pesa anazo mfukoni, na kwao kuna kitanda kinachomngoja. Kwa Holden ni halali kutafuta jeraha ndani ya kichwa cha kijana mwenyewe. Kwa Sanza, anayetafuta humo tu atatoka mikono mitupu.

Ya Lubumbashi lazima yaanzie kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, na kwa miaka mingi iliajiri wanaume peke yao kwa mikataba mifupi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili mtindo: ikataka wafanyakazi waje na wake zao na wakae. Ikajenga nyumba, ikafungua hospitali, shule ikawaachia mapadri, na posho ya chakula ikagawiwa kwa kuhesabu mke na watoto wa kila mmoja. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu kizima juu ya familia hizo, kikatoka 2001. Kwa Kiswahili jina lake ni Bana Shaba walioachwa na baba yao. Baba anayetajwa hapo ni kampuni.

Mwanamume wa kambini alikuwa mkubwa nyumbani kwa sababu kampuni ilisimama nyuma yake. Gécamines, iliyorithi migodi baada ya Union Minière kutaifishwa, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mishahara ikachelewa mwezi, ikachelewa miezi. Mama akatoka kwenda kuuza sokoni, watoto wakaingia kuchuuza, baba akabaki kwenye kiti chake, bado anadai aamkiwe kwa adabu na hana cha kuweka mezani. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa malipo ya mkupuo waache kazi, katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari gani, waulizwe wenyewe.

Juu ya hayo yakaja ya siasa. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mkoani Katanga kwa maelfu, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapohapo. Stesheni ya Likasi ikageuka kambi ya watu waliolala juu ya mizigo yao wakingoja treni. Aliyekuwa na miaka 14 wakati ule alijua kwamba hata mji uliomzaa unaweza kumkana mchana kweupe. Kumwambia kijana wa namna hiyo kwamba amejitenga na jamii ni kumwonea: jamii ndiyo iliyotangulia kutoka.

Kizazi kilichotangulia kilipotea kwa njia nyingine. Mwandishi V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi 1941 na kufariki 2025, alilelewa na mapadri tangu utotoni na akawa mtawa wa Kibenediktini kabla ya kuachana na utawa. Katika Entre les eaux ya 1973 alimchora padri Pierre Landu, msomi anayeiacha parokia na kuingia msituni na wapiganaji, na huko nako asipate pa kutulia. Landu si kijana mdogo, lakini ugonjwa wake ni wa utotoni: alikuwa na mababa wengi mno, wa damu, wa kanisa na wa vitabu. Sanza hana hata mmoja wa kumtegemea.

Ukivuka Ziwa Tanganyika, ushahidi ni uleule. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, Zakaria wa Ukerewe ni mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anafika shule ya sekondari akiwaogopa wanaume kama simba, na hofu hiyo inapopasuka inamwangamiza. Watu wa elimu Tanzania wakati ule walikipiga kitabu marufuku mashuleni, wakimtazama Rosa. Wangemtazama Zakaria, labda wangekifanya cha lazima. Said Ahmed Mohamed alikwenda mbali zaidi katika Utengano ya 1980. Bwana Maksuudi, mtu wa siasa na wa heshima mbele za watu, anamfungia Maimuna ndani ili asiharibike. Maimuna anatoroka, na maisha yanamfikisha danguroni.

Kuna jambo moja ambalo riwaya hizi hulifanya vizuri kuliko mahubiri yoyote: zinageuza kidole cha lawama. Kongo, shida ilipozidi nyumbani, baadhi ya familia na baadhi ya makanisa ya maombi walipata jibu rahisi: mtoto ni mchawi. Asiyelala usiku, anayekojoa kitandani, aliyefiwa na mama, huyo ndiye aliyekula kazi ya baba. Wengi wa watoto wa mitaani wanaoitwa mashege walifika barabarani kwa mlango huo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inamtia hatiani anayemsingizia mtoto uchawi, lakini sheria haiingii jikoni saa mbili usiku. Hadithi inaingia. Filamu ya Rebelle iliigizwa na Rachel Mwanza, msichana aliyewahi kuishi mitaani Kinshasa, na mwaka 2012 akashinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la Berlin. Kwa saa moja na nusu watazamaji walilazimika kuyaona mambo kwa macho ya mtoto ambaye huko nyumbani wangemkemea apishe njia.

Basi kasoro iko wapi? Iko kwenye mlango wa duka la vitabu. La Danse du Vilain ilichapishwa Paris na Éditions Métailié mwaka 2020, na tafsiri yake ya Kiingereza ikafika fainali za National Book Award ya Marekani mwaka 2024. Msomaji wa Chicago anaweza kubishana juu ya Sanza. Kijana wa mitaa ya Lubumbashi kama Katuba, au Kenya (mtaa, si nchi), anayeweza kuyatambua matusi ya Sanza bila kuelezwa, hana kitabu hicho kwa Kiswahili, ingawa Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa.

Kusema haiwezekani ni uvivu. Paradise ya Abdulrazak Gurnah, riwaya ya 1994 kuhusu Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayetolewa rehani kwa deni la baba yake (baba tena!), imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapa. Ilichukua miaka karibu 30 na tuzo ya Nobel ya 2021, lakini imefika.

Lubumbashi haina haja ya kungoja Stockholm. Kikundi cha Mufwankolo kilicheza michezo kwa Kiswahili cha mji huu redioni na kwenye televisheni kwa miaka mingi, kikianika ugomvi wa mume na mke, wa mzazi na mtoto, na watu walisikiliza. Sanza akisomwa redioni jioni kwa vipande, kwa lugha anayoitumia mwenyewe barabarani, atasikilizwa na kina mama wanaofunga meza zao sokoni, na wale mababa pia. Hapo ndipo waandishi wa hapa wangeona pengo jingine: binti wa kambini, dada wa akina Sanza, aliyebaki nyumbani kuuza unga wakati kaka zake wanatoroka, bado hajapata riwaya yenye uzito huo. Waigizaji wapo na redio zipo. Kinachohitajika ni barua kwa Métailié kuomba haki za tafsiri, na mtu wa kuzilipia.